Nani Anasema, na Amesimama Wapi

Mwalimu aliyenifundisha kusoma riwaya hakuwahi kuanza na jina la mwandishi. Aliingia darasani mchana, saa ile ambayo joto la Arua limewanyamazisha hata ndege kwenye miembe, akaweka kitabu mezani, akakifungua ukurasa wa kwanza, akauliza: "Nani anasema?" Tukimtaja mwandishi, alitikisa kichwa. Tukimtaja mhusika mkuu, alitaka kujua tumejuaje. Tukinyamaza alifurahi, maana hapo ndipo macho yetu yalipoanza kurudi kwenye karatasi. Kisha lilikuja swali la pili, na kwangu mimi ndilo lenye ufundi: "Na amesimama wapi?"

Tangu hapo nimesoma miaka mingi. Istilahi ninazijua: msimulizi wa nafsi ya kwanza, msimulizi wa nafsi ya tatu, msimulizi maizi anayeingia kila chumba na kila kifua, msimulizi ambaye umaizi wake una mipaka. K. W. Wamitila amezifafanua katika Kamusi ya Fasihi ya mwaka 2003, na mwanafunzi asiye na nakala huazima yangu. Lakini mtu anaweza kuikariri orodha yote hiyo na bado, akiwa katikati ya sura ya saba, asijue anatazama kwa macho ya nani. Kutambua ni kazi ya vidole. Inafanana na ya seremala anayepapasa ubao kabla ya kuupiga randa, ajue nyuzi zake zimelala upande gani.

Chombo cha mwalimu wetu kilikuwa penseli. Kalamu ya wino aliikataza, kwa kuwa vitabu vilikuwa vichache na nakala moja ilipita mikononi mwa wengi, mwaka baada ya mwaka.

Kitabu cha kwanza nilichomwona akikipapasa kwa namna hiyo kilikuwa Heart of Darkness cha Joseph Conrad. Hadithi hiyo ilitoka kwa mafungu matatu katika jarida la Blackwood's mwaka 1899, ikaingia kitabuni mwaka 1902. Ukimuuliza msomaji wa kawaida ni nani anayeisimulia atakwambia Marlow, yule baharia aliyepanda mto hadi kwa Kurtz, mkusanya pembe. Sisi nasi tulisema Marlow. Mwalimu akatuambia tuhesabu alama za kunukuu.

Tulidhani anatupotezea wakati. Tukaanza, penseli mkononi, kwa uvivu kidogo, na baada ya kurasa chache darasa likashikwa na kimya cha aina nyingine. Kila aya ya Marlow inafunguliwa kwa alama ya nukuu. Aya inakwisha, nyingine inaanza, na kile kialama kinarudi tena pembeni, kama kisiki cha uzio kinachokukumbusha kwamba shamba hili lina mwenyewe. Maana yake ni kwamba Marlow hatuandikii sisi. Yuko mtu mwingine, asiye na jina, aliyeketi kwenye sitaha ya mashua iitwayo Nellie katika mto Thames, pamoja na mkurugenzi wa makampuni, mwanasheria, mhasibu na Marlow mwenyewe. Watu watano wanasubiri maji yageuke. Giza linaingia, wanne hawamwoni tena anayesema, wanaisikia sauti yake tu. Ni huyo asiye na jina anayetufikishia Marlow alisema nini. Na ndani ya maneno ya Marlow mna alama nyingine tena, nukuu ndani ya nukuu: maneno ya meneja, ya yule kijana Mrusi mwenye nguo za viraka, ya Kurtz. Kwa hiyo Kurtz anapotamka neno, neno hilo limepita kwa Marlow, likapita kwa yule wa mashuani, ndipo likafika kwetu Arua.

Mwalimu alichora ubaoni miduara mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Akaweka ncha ya chaki kwenye kila mstari na kuuliza: hapa kingeweza kupotea nini? Huyu angekuwa na sababu gani ya kusahau, au kupamba? Mpaka siku ile nilikuwa nikidhani mtazamo wa hadithi ni jambo la wataalamu, linaloelea hewani. Kumbe linashikika. Lina mahali kwenye karatasi, na unaweza kuliwekea alama.

Sisi tulikuwa na sababu yetu ya kulishika kwa nguvu. Conrad alisafiri mto Kongo mwaka 1890 hadi Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani; huku kwetu hakufika. Lakini mwaka 1894 Waingereza walimkodishia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji ukanda wa ng'ambo ya magharibi ya Nile, ukanda wa Lado, awe nao kwa muda wa uhai wake, na ardhi yenye Arua na Koboko ilikuwamo. Leopold alifariki Desemba 1909. Mwaka uliofuata Lado ikakabidhiwa Sudan, na wawindaji wa pembe wakaingia kwa fujo kabla utawala mpya haujakaa sawa. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikatiwa Uganda, ndiyo West Nile tunayoijua. Basi wakati wasomaji wa London walipokuwa wakipokea mafungu yale matatu, wazee wa wazee wetu walihesabiwa, kwenye ramani ambayo wao hawakuwahi kuiona, kuwa watu wa mfalme yule yule aliyeimiliki Kongo ya Conrad. Mwalimu alilisema hili mara moja, bila kupandisha sauti, akarudi kwenye miduara yake.

Chinua Achebe alipotoa mhadhara wake dhidi ya kitabu hiki mwaka 1975, huko Massachusetts, wapo waliomjibu kwamba anamchanganya msimulizi na mwandishi: aliyewaona Waafrika wa mtoni kama lundo la mikono, miguu na macho yasiyo na usemi ni Marlow, si Conrad. Achebe alikuwa ameitarajia hoja hiyo. Alisema Conrad hakutuachia mahali pengine pa kusimama ili tumpime Marlow. Nimeyazungusha mabishano haya kichwani kwa muda mrefu. Naona Achebe ana haki, na miduara ya ubaoni nayo ni ya kweli. Msimulizi si mwandishi, lakini mwandishi ndiye aliyemchagulia kiti, akamwashia taa, akamgeuzia viti vya wengine. Anayejua kutambua msimulizi hapati kibali cha kumwachia mwandishi huru. Anachopata ni kujua hasa lawama aipeleke wapi, kwenye mduara gani.

Baada ya juma moja mwalimu alikuja na kitabu cha aina nyingine. John Middleton, mwanaanthropolojia Mwingereza, alifanya utafiti wake miongoni mwa Walugbara kati ya mwaka 1949 na 1952, na mwaka 1960 akachapisha Lugbara Religion. Katika mambo aliyoandika yamo masimulizi ya Walugbara kuhusu Wazungu wa mwanzo. Inasemwa kwamba watu hao walikuwa wakila watu, na kwamba walitembea kwa vichwa, miguu ikiwa juu, wakikata masafa marefu kwa siku moja. Mtu akiwatazama, mara hiyo hugeuka na kusimama kwa miguu. Hata A. E. Weatherhead, Mkuu wa Wilaya aliyefika Arua mwaka 1914, aliingizwa katika masimulizi ya namna hiyo. Tulicheka. Mwalimu alitusubiri tumalize kucheka, kisha akauliza lile swali lake: nani anasema, na amesimama wapi?

Ilituchukua kipindi kizima. Anayesema ni "sisi", watu wa ukoo, watu wa nyumbani. Amesimama kwake, kwa miguu yake, na hilo halisemi popote, kwa sababu msimulizi hatangazi mahali ambapo kwake yeye ndipo kipimo cha mahali pengine pote. Middleton alionyesha kwamba kadiri kitu kilivyokuwa mbali na watu wa nyumbani, iwe kwa njia ya ardhi au kwa njia ya wakati, ndivyo kilivyosimuliwa kichwa chini. Hata mashujaa wa asili, Jaki anayehusishwa na mlima Liru na Dribidu wa mlima Eti, wa nyakati za kabla mambo hayajakaa sawa, wana vitendo vilivyopinduka: Dribidu anasimuliwa kuwa alikula watoto wake mwenyewe. Kwa hiyo kisa cha Mzungu anayetembea kwa kichwa kimesimuliwa na mtu mwenye akili timamu aliyekuwa akipima umbali kwa kipimo alichorithi.

Tukaweka ubaoni visa viwili upande kwa upande. Kushoto, mtu kwenye mashua anatazama ukingo na kuona viungo vya miili katikati ya majani. Kulia, mtu ukingoni anatazama wanaokuja na kuona miguu ikipunga hewani. Wote wawili wanapima kwa miguu yao wenyewe. Mwanafunzi mmoja, msichana aliyekaa nyuma na ambaye husema mara chache, akasema kuna tofauti: yule wa kulia amekiri kwamba Mzungu akitazamwa anasimama wima. Mwalimu hakujibu. Aliandika sentensi hiyo ubaoni kama ilivyo, akaiacha hapo mpaka kengele. Mimi sijapata kusoma maelezo ya mtazamo wa usimulizi yaliyonifaa kuliko sentensi ile.

Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lakini mwalimu alipotaka jambo lituingie alitoa mifano kwa Kiswahili. Darasani tulikuwa Walugbara, Wakakwa, Waalur, Wanubi, na watoto wa wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka, Aru na Ariwara. Kiswahili cha sokoni kilikuwa cha wote. Namshukuru kwa hilo hadi leo, kwa kuwa Kiswahili kina vijineno vinavyomfichua msimulizi pale anapodhani amejificha.

Chukua "kumbe". Alifungua mlango, kumbe mgeni ameshaondoka. Nani ameshangaa? Msimulizi alijua tangu mwanzo mgeni hayupo. Aliyeshangaa ni aliyefungua mlango, na kwa neno moja tumetiwa ndani ya kifua chake pasipo kuambiwa kwamba alishangaa. Tazama pia kitenzi. Hakikusema "alikuwa ameshaondoka", kimesema "ameshaondoka", kana kwamba na sisi tumesimama kizingitini wakati huu huu, mkono kwenye komeo. Mwandishi anayejua thamani ya "kumbe" haitupi ovyo. Ukiiona, simama, uliza ni ya nani.

Au "eti". Alisema kwamba anaumwa. Alisema eti anaumwa. Msemaji ni yule yule na ugonjwa ni ule ule, ila katika sentensi ya pili msimulizi amekunja uso. Silabi mbili zimetosha kutuonyesha kwamba kuna mtu wa tatu chumbani, mwenye maoni. Yako na maneno ya mwelekeo, ambayo msomaji huyameza bila kuyatafuna. Askari alikuja dukani: msimulizi yumo dukani, au roho yake imo. Askari alikwenda dukani: msimulizi amebaki barabarani. "Huyu mzee" amekaa karibu na magoti ya msimulizi, "yule mzee" ameshakuwa wa kutazamwa kwa mbali au wa kukumbukwa. Mwalimu alitupa aya nzima na kututaka tuzungushie maneno ya aina hiyo tu, basi, tuache mengine yote. Tukimaliza tuliunganisha miduara yetu kwa mstari, na mara nyingi mistari ilikutana mahali pamoja. Hapo ndipo msimulizi alipokuwa amesimama.

Mfano wake mgumu kuliko yote ulikuwa mfupi sana. Askari aliingia dukani. Duka gani hili, hata pa kukaa hakuna! Sentensi ya pili haina nukuu, haina "alisema", haina "aliwaza", lakini hakuna aliyekosea kujua imetoka ulimini mwa nani. Mwandishi hodari anaweza kwenda kurasa nyingi kwa namna hiyo, akiazima ulimi wa mhusika bila kubisha hodi. Jane Austen alifanya hivyo katika Emma, riwaya iliyotoka Desemba 1815, na msomaji anayeamini kila neno la msimulizi hujikuta amekosea pamoja na Emma, tena kwa kujiamini kama Emma. Ukitaka kukamata kitu hicho huna budi kusoma kwa sikio. Unasoma sentensi kwa sauti ya chini na kujiuliza: maneno haya yangetoka kinywani mwa nani katika watu hawa? Mwalimu alikuwa akisogeza midomo asomapo peke yake ofisini, na wapo waliomcheka. Alikuwa akisikiliza.

Shaaban Robert tulimsoma nje ya mtaala, jioni, kwa hiari. Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, ni shule nzima ya jambo hili, ingawa watu hukisifu zaidi kwa maadili yake. Kuna liwali mwema, Adili, anayependwa na raia wake. Mjumbe wa mfalme anafika, na usiku, kwa siri, anamwona liwali huyo huyo akiwachapa manyani wawili. Sisi tunaona alichoona mjumbe: mkono, fimbo, wanyama wanaoteseka. Kwa muda tunalazimika kubaki na picha hiyo. Baadaye Adili anaitwa mbele ya Mfalme Rai, na usimulizi unahamia kinywani mwake. Manyani ni ndugu zake wawili, waliomsaliti, na kipigo ni amri ya majini iliyo juu ya kichwa chake, nayo inamuumiza kila usiku. Kitendo hakikubadilika hata kidogo. Kimetazamwa kwanza kutoka tundu la mlango, kisha kutoka ndani ya mkono unaopiga. Chanzo cha kisa hiki ni hadithi za Alfu Lela Ulela, na Shaaban hakukificha sana, lakini mpangilio wa macho mawili ndio uliomnasa, nami sijui namna bora ya kumfundisha kijana kwamba ushahidi na maelezo ni vitu viwili.

Kezilahabi naye, katika Kichwamaji cha mwaka 1974, ametukabidhi kwa Kazimoto, kijana msomi anayesema "mimi" kwa uchungu kiasi kwamba tunasahau kumtilia shaka. Kazimoto anajiua. Msimulizi wa nafsi ya kwanza akifa, msomaji aliyefundishwa swali la mwalimu wetu hushtuka kwa sababu ya ziada: basi sasa nani anasema?

Nilihamia Koboko baadaye, kama kilomita 55 kaskazini mwa Arua, na nilikaa huko miezi mingi kuliko nilivyopanga. Huko niliona ufundi huu ukifanywa na watu ambao hawajawahi kuusikia ukiitwa kwa jina. Koboko iko karibu na mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapakana, wanapaita Salia Musala, na sokoni mwake lugha zinapita kama upepo. Alikuwako mama mmoja aliyeuza samaki wakavu, aliyependa kusimulia namna alivyovuka mpaka wa Oraba wakati wa vita. Alisimulia kwa Kikakwa. Lakini askari wa kizuizini akifika katika kisa, mama alimsemesha Kiswahili. Mfanyabiashara mwenye lori alisema Kiarabu cha Juba. Bibi mmoja Mnubi aliyempa maji alisema Kinubi. Hakutumia "alisema" hata mara moja, wala hakubadilisha sauti. Lugha ilipogeuka, tulijua aliyesimama mbele yetu amegeuka. Nilikumbuka zile alama za kunukuu tulizohesabu Arua. Mama huyu alikuwa nazo zote, nyingine ndani ya nyingine, na hakupoteza hata moja.

Jambo moja lilinichoma. Katika kisa chake Kiswahili kilikuwa cha askari tu. Lina historia yake hilo: vijana wengi wa West Nile waliingizwa katika King's African Rifles, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya amri, na majeshi ya Uganda yaliyofuata yakakirithi. Lugha niipendayo, lugha ya Shaaban, pale ilikuwa sauti ya mtu mwenye bunduki anayeuliza umebeba nini. Sikumlaumu. Msimulizi mwaminifu humpa kila mtu lugha aliyomsikia nayo. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua mwaka 2022 Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, nilimfikiria yeye na wajukuu zake. Natamani siku moja wasimulie kisa ambamo anayesema Kiswahili ni yule bibi mwenye maji.

Koboko inajulikana ulimwenguni kwa sababu ya mtu mmoja, Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni wa Wakakwa wa huko. Na wasomaji wengi wa mbali wamemwona Amin kwa macho ya Nicholas Garrigan, daktari Mskoti aliyebuniwa na Giles Foden katika The Last King of Scotland, riwaya ya mwaka 1998. Garrigan anasema "mimi". Anaeleza alivyoanzia kazi Mbarara, alivyosogezwa karibu na rais, alivyobaki pale hata baada ya kujua. Ukisoma kwa haraka macho yanamfuata Amin, maana ndiye mwenye kelele. Penseli yapaswa imfuate daktari. Kila anapotulia kueleza kwa nini hakuondoka, weka alama, na mwisho wa kitabu uzisome alama hizo peke yake, kwa mfuatano. Utakuwa umepata kitabu cha pili, kilichoandikwa ndani ya kile cha kwanza, kuhusu mtu anayejitetea mbele ya hakimu asiyeonekana.

Lakini katika darasa lile la Arua, siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya Things Fall Apart. Achebe alikitoa mwaka 1958, na Kiswahili kikakipata mwaka 1973 kwa tafsiri ya Clement Ndulute iitwayo Shujaa Okonkwo. Kwa sehemu kubwa msimulizi wa kitabu hicho ni kama mzee wa Umuofia asiyetajwa jina: anajua methali, anajua miezi ya viazi vikuu, anajua nani ana hofu gani usiku. Kisha, mwisho kabisa, Okonkwo amekwisha kujinyonga, na tunajikuta ndani ya kichwa cha Mkuu wa Wilaya, Mwingereza, akipanga kitabu chake mwenyewe, akikadiria kwamba mtu huyu tuliyeishi naye kurasa zote hizo anaweza kumpa aya moja nzuri. Sijui kuhama kwa msimulizi kunakoumiza kuliko huko. Ukiwa Arua, mji ambao nao ulikuwa na Mkuu wa Wilaya wake na wageni waliouandika, kunaumiza kwa namna yake.

Mwalimu alitaka tuchore mstari mahali hasa ambapo msimulizi anaondoka Umuofia. Nakala za shule zilikuwa tayari na mistari ya waliotangulia, iliyofifia, karibu yote ikiwa kwenye aya ile ya mwisho. Nakala yake mwenyewe ilikuwa na mstari hapo hapo, uliokolezwa kwa miaka. Tulichora kama wenzetu.

Yule msichana wa nyuma alikuwa amechora kwake mwanzoni mwa sura, kurasa kadhaa nyuma. Akaombwa aeleze. Alisema kwamba Mkuu wa Wilaya anapofika nyumbani kwa Okonkwo na askari wake, Obierika anamwambia wanaweza kumpeleka alipo, na kwamba huenda watu wake watawasaidia. Mzungu haelewi ni msaada gani unaozungumzwa, na moyoni anachukizwa na jinsi watu hawa wanavyopenda maneno ya ziada. Nani ameyaona maneno ya Obierika kuwa ni ya ziada, akauliza. Mzee wa Umuofia hawezi kuyaona hivyo, kwa sababu yeye anajua kuna maiti kwenye mti, na kwamba mila inawakataza kuigusa. Kwa hiyo tumeshahama. Tumehama sentensi nyingi kabla ya kile tunachokiita mwisho, na hatukuambiwa.

Darasa likaanza kubishana. Wapo waliosema sentensi moja haitoshi, kwamba msimulizi alichungulia tu na kurudi. Alijibu kwamba aliyechungulia ameshafungua mlango. Mwalimu alikuwa amesimama dirishani, kitabu wazi mkononi, midomo ikisogea. Alisoma ukurasa ule, akarudi nyuma, akausoma tena. Kisha akaja mezani, akaketi, akaomba kifutio kwa mtoto wa mbele, na akaanza kuufuta mstari wake wa miaka yote, taratibu, asije akaichana karatasi.